Nyumbani Mwetu: Safari ya Watu Wawili Kwenda Mto wa Mbu



Mwezi huu tumeletewa barua na mwalimu mmoja wa shule ya msingi katika Loliondo. Yeye na mkewe wameoana miaka 19, nao wamejaliwa watoto wanne. Aandika hivi: "Katika miaka hiyo yote nimesafiri na mama watoto mara tatu tu, mara mbili kwa ugonjwa, na mara moja kwa msiba. Sasa tumepatana twende kutembea, sisi wawili, mahali penye msitu mkubwa na mto. Nimepanga siku nne: kreta ya Ngorongoro, Manyara, Arusha na Moshi. Lakini mwenzangu ana goti linalomwuma, naye asema kwamba safari ya namna hiyo niende na wanafunzi wangu. Je, tupangeje?"

Twamshukuru mwalimu, kwa kuwa swali lake si lake peke yake. Katika nyumba zetu nyingi safari haina budi kuwa na sababu. Mtu akionekana njiani na mkewe na mzigo, jirani huuliza, "Nani mgonjwa?" Akijibiwa kwamba hakuna mgonjwa, hushangaa. Mwanamume husafiri kwa mnada wa ng'ombe, kwa mkutano, kwa mshahara. Mwanamke husafiri kwa uzazi na kwa kilio. Kusafiri pamoja kwa kuwa wapendana, na kwa kuwa wamechoka, hilo bado ni geni kwetu.

Nayo matokeo yake twayajua. Mume na mke wakaa nyumba moja miaka mingi, na maneno yao yote ni ya karo, ya mabati, ya dawa ya mifugo, ya mahindi yaliyobaki ghalani. Wawa kama makarani wawili wa ofisi moja: hawagombani, kazi yaenda, lakini mmoja hajui tena mwenziwe afikiri nini akiwa kimya. Kwa watu kama hao siku chache za pamoja zaweza kuwa na faida kubwa kuliko ng'ombe mmoja zaidi zizini.

Lakini na tuseme kweli: safari si dawa ya ndoa. Ugomvi haubaki nyuma kulinda nyumba. Hupanda basi pamoja na wenyewe. Kwa hiyo wenye shauri zito kati yao na walizungumze nyumbani kwanza, au mbele ya wazee. Safari tunayoisema hapa ni ya watu waliopatana wapate nafasi ya kuonana.

Punguzeni mahali

Mwalimu, shauri letu la kwanza ni fupi: katika mahali panne ulipopanga, futa patatu. Kutoka Loliondo hadi Mto wa Mbu ni kilometa zaidi ya 200, na sehemu kubwa ya njia ni vumbi na mawe. Kutoka Mto wa Mbu hadi Arusha ni kilometa yapata 120, na kutoka Arusha hadi Moshi kilometa 80 zaidi. Kisha kuna kurudi. Hesabu mwenyewe saa mtakazokaa juu ya kiti katika siku zako nne, halafu uhesabu saa mtakazokaa mtoni. Utaona kwamba umepanga safari ya basi, hukupanga mapumziko.

Kreta ya Ngorongoro ni ajabu kweli kweli, nasi hatusemi isionwe. Lakini wageni hushuka humo kwa gari lenye nguvu ya kupanda mlima, nao hukaa ndani ya gari hilo karibu wakati wote. Mtu mwenye goti baya atarudishwa jioni goti limekakamaa, hali amekanyaga ardhi mara mbili tatu tu. Iacheni kwa mwaka mwingine.

Tena mkeo amekwisha kukujibu swali lako, ila hukumsikia. Aliposema uende na wanafunzi wako, hakukataa safari; alikataa mwendo. Msafara hufuata mguu wa aliye nyuma. Wachungaji wote wa Loliondo wajua hayo: ng'ombe wakisafirishwa mbali, hupelekwa kwa hatua ya ndama na ya ng'ombe mwenye mimba, anayewakimbiza hufika upesi na kundi pungufu. Basi mwendo wa safari yenu uwe mwendo wa mkeo. Yeye aseme, "Leo tutembee," au, "Leo tukae."

Msitu ulio karibu

Mwataka msitu mkubwa na mto. Msitu wa mvua ulio mkubwa kuliko yote katika Afrika uko Kongo, na mji wa Kisangani, ambao watu wake wengi husema Kiswahili, umejengwa katikati yake kando ya mto Kongo. Lakini huko ni mbali sana kwa mshahara wa mwalimu. Katika Tanzania iko misitu ya Amani, katika milima ya Usambara, na ya Udzungwa juu ya bonde la Kilombero. Nayo ni mizuri, lakini kufika kwake tu kutakula siku zenu.

Upo msitu ulio karibu nanyi zaidi, nao ni ule wa Manyara, ambao mji wa Mto wa Mbu wakaa mlangoni pake. Mtu akiingia humo aona mikuyu mikubwa yenye mashina mapana, mikwaju, mikindu iliyosongamana, na kivuli kizito mchana kutwa. Asikia maji yakipita chini ya majani. Kima na nyani wacheza juu, na hondohondo hupiga kelele kana kwamba wagombania urithi. Mgeni asiyejua husema, "Hapa lazima mvua hunyesha kila siku."

Sivyo. Mvua ya Mto wa Mbu si nyingi. Tembea mwendo mfupi tu uende mashariki, utaona nyika kavu yenye migunga na vumbi. Msitu huu hulishwa na maji ya chini ya ardhi. Mawingu huishika milima ya Ngorongoro, mvua hunyesha huko juu penye msitu, maji hunywewa na udongo wa majivu ya volkeno na miamba yenye nyufa, kisha husafiri gizani taratibu chini ya mlima mpaka ukingo mkubwa wa Bonde la Ufa. Hapo, chini ya genge, hutoka tena yakiwa chemchemi safi. Kwa hiyo msitu huo unastawi hata wakati wa kiangazi, hali majirani wake wamekauka.

Mji nao ni mtoto wa maji hayo. Zamani walikaa watu wachache, kwa sababu ya mbu waliompa mto jina lake. Katika miaka ya 1950 mifereji ilichimbwa, mashamba yakapata maji, na watu wakaja kutoka pande nyingi: Wambugwe, Wairaqw, Wachaga, Warangi, Wamasai, na Waha wa Kigoma walioleta michikichi yao. Leo husemwa kwamba mji huo mmoja una makabila zaidi ya 100. Kuna mpunga, na migomba ya namna nyingi, hata ile ya ndizi nyekundu. Na wako Wamakonde wachongao mpingo. Kwa watu waliozoea nyanda za Loliondo, kuona maji yakipita mbele ya kila shamba ni furaha tosha.

Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara ilianzishwa mwaka 1960. Ni hapo Iain Douglas-Hamilton alipokaa katika miaka ya 1960 akiwachunguza tembo mmoja mmoja, mpaka akawatambua kwa masikio yao kama mchungaji atambuavyo ng'ombe wake.

Majira

Nendeni mwezi wa Juni. Kwanza, shule zimefungwa. Pili, masika yamekwisha, kwa maana kuanzia Machi hadi Mei makorongo ya njiani yaweza kujaa maji ghafula, na gari likalala ng'ambo. Tatu, nchi bado ni ya kijani, na joto la bondeni limepungua. Loliondo iko juu, yapata mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na Mto wa Mbu uko chini kwa yapata nusu ya hizo. Mtu wa baridi akishuka huko wakati wa joto kali huchoka kabla hajaanza kutembea.

Njia, siku kwa siku

Twawapangia siku nane. Msizijaze zaidi ya hivi.

Siku ya kwanza pandeni gari la alfajiri kwa njia ya Wasso, Sale na Ngaresero. Kipande cha Wasso hadi Sale, kilometa 49, kimetiwa lami, na mtakiona kifupi. Mama akae kiti cha mbele au cha katikati, kamwe asikae nyuma ya magurudumu, maana huko ndiko mashimo huhesabiwa kwa mifupa. Mwambieni utingo mapema kwamba mwenzenu ana goti, apate kunyosha mguu kila gari lisimamapo. Mtapita nchi ya Watemi, ambao wengine huwaita Wasonjo, wenye mifereji ya kale ya kumwagilia mashamba, nayo hutumika hata leo. Kisha mtateremka ukingo wa bonde, na Ol Doinyo Lengai, mlima ambao Wamasai huuita Mlima wa Mungu, utasimama mbele yenu. Shukeni Ngaresero mlale hapo.

Hapa tuwakumbushe jambo moja. Mwaka 2011 maelfu ya watu walipita njia hizi wakiharakisha kwenda Samunge, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, aliyejulikana kwa jina la Babu wa Loliondo, wapate kikombe chake cha shilingi 500. Magari yalipanga mstari wa kilometa nyingi, na wako waliokufa katika foleni. Mzee huyo alifariki mwaka 2021. Hatusemi hapa neno juu ya dawa yenyewe. Wale walikuwa wagonjwa, na mgonjwa hana budi kuharakisha. Lakini twasema hivi: wengi katika nchi yetu waijua njia ya Loliondo kwa vumbi lake tu, kwa sababu walipita wakiwa na hofu. Ninyi mnapita mkiwa wazima. Basi fungueni dirisha mtazame.

Siku ya pili msisafiri. Ngaresero kuna maporomoko ya maji katika korongo, lakini njia yake hupita majini na juu ya mawe yatelezayo; kwa ajili ya goti, yaacheni. Wala wewe, mwalimu, usiende peke yako ukamwacha mkeo akilinda mzigo. Huo ndio mwanzo wa safari mbili ndani ya safari moja. Nendeni wote wawili, kwa pikipiki au gari la kijijini pamoja na mwenyeji wa kuwaonyesha, mkaone nyayo za watu wa kale karibu na ziwa Natron. Zaidi ya nyayo 400 zimekauka katika tope la majivu ya volkeno. Wataalamu walieleza mwaka 2016 kwamba umri wake ni kati ya miaka 5,760 na 19,100 hivi. Mwaka 2020 walieleza tena kwamba watu 17 kati ya hao walikuwa wakienda upande mmoja kwa mwendo wa kutembea, na yaelekea 14 kati yao walikuwa wanawake, na wanaume wazima wawili tu pamoja na kijana mmoja. Labda walikuwa wakitafuta chakula pamoja. Hawakukimbia. Mkisimama hapo, linganisheni hatua zao na zenu.

Siku ya tatu endeleeni hadi Mto wa Mbu. Njiani ni Engaruka, yapata kilometa 60 kabla ya kufika. Huko watu wa kale, kati ya karne ya 15 na ya 18, walijenga matuta ya mawe na mifereji wakamwagilia mashamba mapana chini ya genge. Kama gari lenu ni la kukodi pamoja na wengine, ombeni lisimame saa moja. Kama ni basi, litazameni genge kutoka dirishani mwende zenu. Msipoteze siku kwa mawe.

Siku ya nne, ya tano na ya sita ni za Mto wa Mbu, nasi tutazieleza chini. Siku ya saba ni ya kununua zawadi, kufua nguo na kulala mchana. Siku ya nane rudini nyumbani kwa gari moja. Maana njia mmekwisha kuijua, na njia ijulikanayo huwa fupi.

Fedha

Wawili hawa wakitaka kwenda Juni, na waanze kuweka akiba Agosti ya mwaka uliotangulia. Tutoe mfano wa hesabu tu: wakiweka shilingi 30,000 kila mwezi, tangu Agosti hadi Mei ni miezi 10, nao watakuwa na shilingi 300,000. Atakayeweza zaidi na aweke zaidi. Asiyeweza hivyo na apunguze siku, asikope. Safari ya mkopo humfuata mtu nyumbani na kumdai mpaka aichukie.

Fedha hizo zigawanyeni mafungu manne: nauli ya kwenda na kurudi, malazi, chakula, na akiba. Nauli ya kurudi iwekeni kando siku ile ya kwanza, isiguswe hata kwa jambo jema. Akiba nayo isifunguliwe ila kwa ugonjwa au gari kuharibika. Ulizeni mapema kwa simu bei ya chumba, na malipo ya kuingia hifadhini kwa raia wa Afrika Mashariki, ambayo ni madogo sana kuliko ya wageni wa mbali. Ulizeni pia namna ya kulipa, kwa kuwa langoni malipo huwa ya kadi au ya simu, si ya noti mkononi.

Jambo kubwa zaidi ni hili: wote wawili wajue jumla. Wako waume wapelekao wake zao safari, na mke hajui kama kilichomo mfukoni ni kingi au kidogo; basi kila akinywa soda aogopa. Mke wa namna hiyo hapumziki. Mwalimu, mpe mkeo ashike fungu la chakula na la akiba. Wewe shika nauli na malazi. Jioni fungueni daftari moja mkaandike pamoja.

Nyumba mnayoiacha

Mume akisafiri, kazi yake humngoja. Mke akisafiri, kazi yake haingoji: maji yatatekwa, ng'ombe watakamwa, kuni zitaletwa, mtoto ataamshwa. Asipopata mtu wa kushika kazi hizo, mwili wake utakuwa Mto wa Mbu na moyo wake utakuwa jikoni. Tena kwa desturi, kumtafuta mtu huyo pia huwa kazi yake, hata akachoka kabla ya safari.

Kwa hiyo twamwomba mwalimu ashike kazi hii yeye mwenyewe. Majuma mawili kabla ya kuondoka, amwendee dada yake au shangazi wa watoto, apatane naye. Amlete nyumbani siku mbili kabla, aonyeshwe kila kitu. Aandike katika karatasi namba za simu, mahali pa dawa, na jina la jirani wa kuitwa usiku. Wale watoto wakubwa wapewe kazi zao kwa maneno wazi. Huyo shangazi naye asirudishwe mikono mitupu. Zawadi yake iingizwe katika hesabu tangu mwanzo.

Afya

Jina la mji si la mzaha. Mtu akaaye baridini Loliondo hajazoea malaria, na ikimshika humshika kwa nguvu. Ulizeni kama chumba kina chandarua. Kama hamna hakika, chukueni chenu. Jioni vaeni nguo ndefu. Waulizeni waganga wa hospitali ya Wasso, kabla ya kuondoka, juu ya dawa ya kinga, na juu ya dawa ya goti. Na mkiisha kurudi, homa ikimpata mmoja wenu hata baada ya majuma matatu au manne, msiseme ni uchovu. Nendeni mkapimwe damu siku ile ile, mkamwambie mganga mlikotoka.

Msiogelee wala kunawa katika mifereji, kwa sababu ya kichocho. Na jioni msitembee kando ya msitu bila mwenyeji. Tembo hawajui mpaka wa mji.

Mkiisha fika

Asubuhi ya kwanza msiende popote. Kunyweni chai, mkatembee mpaka daraja lililo karibu, mkatazame maji na watu. Adhuhuri mkalale. Mwalimu ataona kama kwamba anapoteza fedha; avumilie. Mtu aliyezoea kengele ya shule huhitaji siku nzima kuisahau.

Siku inayofuata ingieni msituni, asubuhi mapema, pamoja na mwongozaji. Toka mwaka 2017 kuna njia ya madaraja iliyofungwa juu ya miti, urefu wake mita 370, ambapo mtu hutembea kati ya matawi kama kima. Madaraja hayo huyumba. Mama akipenda, apande taratibu. Asipopenda, asicheke mtu wala kumsihi. Chini ya miti kuna mengi ya kutosha. Wakiweza kupata gari pamoja na wageni wengine, waende mpaka ziwani waone viboko, na ndege heroe ikiwa wapo.

Siku ya tatu tembeeni mashambani kwa wenyeji, wawaonyeshe mpunga na migomba. Wako vijana wa mji waliofundishwa kazi hiyo, na malipo yao huwasaidia wenye mashamba. Njia ni tambarare, nayo ni rahisi kwa goti. Mama akipenda kuuliza mbegu ya ndizi, asiharakishwe.

Juu ya simu: kila jioni ulizeni habari za watoto, kisha zizimeni. Walimu mnajuana nchi nzima. Bila shaka yuko mwalimu wa Mto wa Mbu uliyesoma naye chuoni. Msalimu nusu saa, mkeo akiwapo. Usipelekwe kwake siku mbili ukamwacha mwenzako katika chumba cha kukodi, kama ulivyomwacha nyumbani kila Jumamosi.

Na jioni, mkiwa mmekaa, msilazimishe mazungumzo. Watu walionyamaziana miaka mingi hawafunguki kwa amri. Kaeni tu. Mmoja atasema neno juu ya mti, mwingine juu ya mtoto, na kidogo kidogo litatoka lile lililokaa moyoni. Likitoka, lisikilizeni, msilijibu usiku ule ule. Lileteni nyumbani, kwa maana kazi ya kulitimiza iko huko.

Maneno ya watu

Yatasemwa. Mama mkwe atasema kwamba fedha zimetupwa. Wazee watauliza mmekwenda kuona nini ambacho Loliondo hakuna. Msijibu kwa hasira wala kwa majivuno, wala msitangaze picha nyingi za kuwaudhi wasio nacho. Waleteeni wazazi mchele wa Mto wa Mbu, kilo mbili tatu, na ndizi nyekundu kwa watoto wa jirani. Semeni kweli: "Tulikwenda kupumzika pamoja." Mwaka wa kwanza watashangaa. Mwaka wa pili mmoja wao atakuja kwenu faraghani kuuliza nauli.

Walimu walio na wake au waume mbali kwa sababu ya kazi, mmoja Malambo na mwingine Karatu, kwa mfano, na wafikiri kukutana Mto wa Mbu badala ya kila mara kukutana katika nyumba yenye kazi. Na wale wasioweza hata nauli na wachukue siku moja, waende na chakula chao mpaka kijito kilicho karibu, wakae kivulini mpaka jua lishuke. Mwendo ndio uleule.

Mwezi ujao, mtu akituandikia swali la akiba ya chakula kabla ya vuli, tutalijibu. Kwaherini.